Mzazi asibaki kwenye benchi: kwa walimu wapya wa kuogelea

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha watoto kuogelea, niliwataka wazazi wakae mbali na bwawa. Mtoto akimwona mama yake huanza kulia, nami nilitaka darasa tulivu. Nililipata. Kisha siku moja mama mmoja akanishukuru: "Mwalimu, umenipumzisha. Siku hizi namwacha majini mwenyewe." Mwanawe alikuwa na miaka 5, na alichojua ni kupiga miguu huku ameshika ubao. Usiku ule sikulala vizuri. Mtoto nilimfundisha kidogo. Mama nilimwondolea hofu yote.

Tangu hapo, kabla mtoto yeyote hajalowa, naanza na wazazi. Siwahutubii. Naingia bwawani na kuwaigizia kuzama mara mbili. Mara ya kwanza napiga kelele na kurusha maji huku na huku, na wote wanasimama. Mara ya pili nasimama wima majini, kichwa nyuma, mdomo ukizama na kuibuka, mikono ikisukuma maji chini, kimya. Nikiwauliza nilikuwa nafanya nini, hujibu kwamba nilikuwa nacheza. Hapo ndipo nawaambia kwamba ile ya pili ndiyo yenyewe. Methali yetu inasema mfa maji haachi kutapatapa, na ni methali nzuri kwa mambo mengine, lakini mtoto anayezama hana pumzi ya kuita, na huenda asitapetape kwa namna utakayoitambua. Anayesubiri kelele atachelewa.

Baada ya igizo hilo, kanuni ya umbali wa mkono haihitaji maelezo marefu: mtoto mdogo akiwa majini, mzazi awe karibu kiasi cha kumgusa. Wakiwa watu wazima wengi, mmoja atajwe kwa jina kuwa ndiye mlinzi, simu aiweke chini, na akichoka amkabidhi mwingine kwa mdomo. Pale ambapo kila mtu anaangalia, mara nyingi hakuna anayeangalia. Waambie pia kwamba maboya ya kupuliza ya mikononi ni vya kuchezea tu. Kwenye chombo cha majini mtoto avae jaketi la kuokolea linalomtosha.

Jambo lililonichukua muda kulielewa ni kwamba aliye hatarini zaidi huenda hayumo darasani mwako. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Huyo ni mdogo wa mwanafunzi wako, anayetambaa nyumbani. Kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili wake mdogo. Akiinamia ndoo anatumbukia na hawezi kujinyanyua. Sentimita chache za maji zinatosha.

Wazazi wengine wenyewe wanaogopa maji, na wanaona aibu kusema. Usiwaaibishe. Wafundishe kuokoa bila kuingia: lala kifudifudi ukingoni, nyoosha fimbo au kanga, rusha dumu tupu lililofungwa kifuniko. Kuhusu kumfufua aliyezama, mlete mkufunzi wa huduma ya kwanza awafanyishe mazoezi kwa mikono yao. Wewe sisitiza moja tu: mtoto asining'inizwe miguu juu ili maji yatoke, kwa sababu dakika hizo ni za kumpulizia pumzi na kumkandamiza kifua.

Kazi ya nyumbani mpe mtoto, si mzazi. Mimi huwaagiza wazunguke nyumba na mzazi wakihesabu kila kitu kinachoweza kushika maji. Baba mmoja alirudi na orodha ya vitu 7, akaisoma kwa fahari. Binti yake akamvuta shati: "Baba, na lile beseni ulilooshea gari jana, bado lina maji."