Kiingilio? Nianze na Mwalimu kwanza

Ndugu wahariri, wiki hii mmetuuliza kama baa zinazoweka bendi zitoze kiingilio mlangoni. Jibu langu ni hapana, na nilikusudia niliandike kwa sentensi mbili tu. Muziki wa dansi ni wa watu wa kipato cha kawaida. Ukimdai mtu wa aina hiyo elfu kumi kabla hata hajavuta kiti, atapitiliza zake nyumbani. Ila nilipofika kwenye sababu nikamkumbuka rafiki yangu mmoja, na swali lenu likanikaa kooni.

Huyu bwana tulikua wote Magomeni. Baadaye akapangiwa kufundisha Sumbawanga, akastaafia huko huko, ndiyo maana namwita Mwalimu. Miaka ya themanini hatukukosa dansi. Yeye alikuwa Sikinde damu, yaani bendi ya Mlimani Park, mimi wa Msondo, bendi iliyoanza kwa jina la NUTA Jazz, na mliokuwepo mnajua kwamba haya hayakuwa mambo madogo. Simba na Yanga cha mtoto. Tulikuwa na utaratibu wetu: Jumapili hii namsindikiza ukumbi wa DDC Kariakoo, Jumapili ijayo ananisindikiza kwangu, na kila mmoja kazi yake ni kutafuta kasoro za bendi ya mwenzake. Mwimbaji Muhidin Gurumo alipohama Mlimani Park mwaka 1985 kwenda bendi ya Safari Sound, Mwalimu alinuna kama aliyefiwa.

Mwaka jana alikuja Dar kutibiwa macho. Jicho moja lilikuwa limetoka kufanyiwa upasuaji, limefunikwa, na la pili halioni vizuri. Ijumaa moja akaniambia, "Ndugu yangu, nitoe nje japo saa mbili." Nikampeleka baa moja upande wa Mwananyamala yenye bendi ya wazee. Kiingilio hakuna. Tukakaa pembeni, tukaagiza mishkaki na ndizi, yeye soda kwa sababu ya dawa.

Bendi ikaanza. Wimbo wa kwanza haujafika kati, akaniinamia: "Tarumbeta zinapulizwa na wangapi?" Nikatazama jukwaani. Hakuna hata mmoja. Palikuwa na kijana kwenye kinanda, tarumbeta na saksafoni zote anazibonyeza yeye. Mwalimu akatikisa kichwa. "Nimesikia. Haivuti pumzi."

Akaomba wimbo wa zamani, wa Sikinde bila shaka. Wakaupiga, na waliupiga vizuri, nawapa haki yao. Mnazijua nyimbo zile: mwanzo polepole, mwimbaji anakusimulia kisa chake beti kwa beti, ndipo magitaa yanachanganya na mnaingia kwenye chemko, sehemu ya kucheza. Basi katikati ya ubeti wa pili, kwenye simulizi lenyewe, mtu akapandisha sauti ya televisheni. Mpira wa Ulaya. Goli likaingia, nusu ya baa ikasimama ikipiga kelele, viti vinaburuzwa, na mwimbaji pale mbele anaendelea kufungua mdomo, hasikiki.

Mwalimu akasimama. Nilidhani anakwenda kugombana, nikamfuata. Akapapasa njia katikati ya meza mpaka mbele ya jukwaa, hatua mbili tu kutoka kwa mpiga gitaa la solo, akaweka mikono nyuma kama walimu wanavyosimama mstarini asubuhi, akatulia. Hakucheza. Alisikiliza. Mzee wa solo akamwona, akasogea ukingoni, na chemko lilipofika hakuliachia. Alilizungusha, akalirudisha, akashuka chini kabisa kwenye nyuzi nene, akapanda tena. Mpiga tumba akamfuata, na mimi mtu wa Msondo nilisimama pale nikiwa na machozi. Sijui ilikuwa dakika kumi au zaidi. Ulipokwisha, Mwalimu alitoa noti ya elfu tano, ambayo ndiyo ilikuwa nauli yetu ya bajaji, akaitia mfuko wa shati la yule mzee. Tukarudi Magomeni kwa miguu, nimemshika mkono.

Kabla hatujaondoka mpiga besi aliniambia kwamba wanachopata kwa uhakika ni cha kutunzwa. Mwenye baa anawapa kidogo, na bia zikiuzwa chache hata hicho kinapungua. Hapo ndipo nilipo sasa. Enzi zetu mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. NUTA Jazz tangu mwaka 1964 ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, vyombo vyao, mishahara yao. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, nayo ikaja kuwa chini ya DDC, shirika la jiji. Na mlangoni tulilipa! Nimesahau vipi hilo? Tulilipa, na aliyelipa hakuja kuangalia kitu kingine.

Kwa hiyo, wahariri, toeni mnavyoona. Hapana yangu ya juu sijaifuta, maana elfu kumi bado ni kubwa, na wapo akina Mwalimu wengi wanaoishi kwa pensheni. Lakini kiingilio kidogo, elfu mbili, tatu, kiwepo, kwa sharti kwamba kiongozi wa bendi anakaa mlangoni na mwenye baa wanahesabu pamoja, na fedha hiyo ni ya bendi, haiguswi. Na televisheni izimwe sauti muda wote bendi ikiwa jukwaani. Bila hilo la mwisho, msinidai hata mia.

Mwalimu anarudi mwezi ujao kwa jicho la pili. Nitalipia wote wawili, na safari hii wimbo wa kuomba nachagua mimi. Ni zamu ya Msondo.