Mbona Neptuni ni ndogo kuliko Uranusi lakini ina tungamo kubwa zaidi?

SWALI: Nafundisha sayansi hapa Nakuru. Wanafunzi wameona kwenye jedwali kwamba Neptuni ina kipenyo kidogo kuliko Uranusi, ila tungamo lake (kiasi cha maada iliyomo) ni kubwa zaidi. Je, kitabu kimekosea? Na hizo sayari kubwa, mtu anaweza kuzikanyaga?

JIBU: Kitabu kiko sawa, Mwalimu. Kwenye ikweta, Uranusi ina kipenyo cha kilomita 51,118, Neptuni 49,528. Lakini Uranusi ina tungamo la Dunia mara 14.5 hivi, na Neptuni mara 17. Kipenyo hakisemi ndani mmeshindiliwa nini: Neptuni imeshindiliwa zaidi. Zohali, ya pili kwa ukubwa, ina msongamano (tungamo kwa kila ujazo) mdogo hata kuliko wa maji!

Ama tofauti kubwa kati ya sayari ndogo na kubwa, chanzo chake ni umbali kutoka kwa Jua. Sayari zilipokuwa zikiundwa, joto la karibu na Jua halikuruhusu maji wala methani kuganda. Zebaki, Zuhura, Dunia na Mirihi zikajengeka kwa mawe na chuma, malighafi ambayo haikuwa nyingi, ndiyo maana ni ndogo. Kule mbali barafu ilikuwa tele. Viini vya Mshtarii na Zohali vikanenepa na kuvuta haidrojeni na heli kwa wingi. Uranusi na Neptuni zilipata gesi kidogo tu. Sehemu kubwa ya ndani yake ni maji, amonia na methani, vyote vikiwa moto na vimebanwa vikali, ingawa sisi wataalamu tunaziita sayari za barafu.

Kukanyaga? Zile nne kubwa, hapana. Disemba 1995 kipimaji kutoka chombo cha anga za juu cha Galileo kilishuka kwa parachuti ndani ya Mshtarii. Kwa karibu saa nzima kilituma vipimo vya upepo, joto na kanieneo (mgandamizo wa gesi), hadi joto likakilemea. Hakikugusa ardhi yoyote.

Chati nyingi za ukutani huzichora sayari kana kwamba zinakaribiana kwa ukubwa. Afadhali uchore mwenyewe ubaoni: Dunia sentimita 1, Mirihi nusu yake, Zebaki milimita 4, Uranusi na Neptuni sentimita 4 kila moja, Zohali 9 na nusu, Mshtarii 11. Zuhura ni karibu sawa na Dunia. Jua litahitaji zaidi ya mita moja, kwa hivyo tumia ukuta. Umbali usijaribu darasani: kwa kipimo hicho, Neptuni itakuwa kilomita 3.5 kutoka shuleni.