Maji mkiyazungusha kiwandani, madini yanatokea wapi?

Wadogo zangu wa Mwanza mnaoenda field Mgololo au kiwanda kingine chochote cha palpu (rojo la mti la kutengenezea karatasi), huwa nawaambiaga msiende na akili ya maji ya Ziwa. Maji ya Victoria ni laini, chokaa yake ndogo, sasa mtu aliyeyazoea akikuta evaporeta, mtambo wa kukaushia maji ya kupikia mti yabaki mazito, imeziba ukoko anakimbilia kulaumu mto wa kule. Mto mara nyingi hauna kosa, kalsiamu kibao inaingia na mti wenyewe, hasa kwenye magome, kwahiyo magogo yakimenywa hovyo huku mwanzo, wa kule mbele ndo wanaokwangua.

Halafu kiwanda kikibana maji, yaani ya kuoshea palpu yanarudishwa tena na tena ili wamwage kidogo, inakua kama mchuzi wa sato uliosahaulika jikoni, maji yanapungua chumvi iko palepale. Hesabu yake nyepesi tu: kinachoingia kikiwa kilekile na njia ya kutokea ni hiyohiyo moja, ukipunguza maji ya kutoa nje kwa nusu madini yanapanda mara 2, labda yaanze kuganda kwenye mabomba kabla hayajafika huko. So akija mtu na ripoti ya "tumeokoa maji", muulize kila aina ya madini ina mlango gani wa kutokea. Kalsiamu, manganizi na wenzake, nyingine unazitoa na tope linalochujwa kwenye grini lika, yale maji ya kijani yenye kemikali za kupikia zinazorudishwa. Kloraidi na potasiamu hapana, hizo zinayeyuka sana, zinajazana kwenye majivu ya rikavari boila, tanuri la kuchomea maji meusi ya kupikia mti ili kemikali zirudi, mpaka majivu yanaanza kuyeyuka kwenye joto dogo na kunata kwenye mirija. Hapo inabidi sehemu ya majivu itupwe, na sodiamu, kemikali ya kupikia mti, inaondoka nayo, bosi wa gharama atanuna, mwache anune.

Skeli, yaani huo ukoko wa madini, nazo sio moja. Ya kabonati inapenda sehemu za moto, asidi inaitoa huku inatoa povu, ila usitumie salfyuriki maana inageuka jasi, umebadilisha ukoko kwa ukoko. Ya oksaleti, ile ya kwenye blichi wanakong'arisha palpu, ni mbishi, kwahiyo peleka kipande lab kabla hujaagiza dawa.

Na kabla ya asidi osheni evaporeta na maji mpaka blaki lika, yale maji meusi ya kupikia mti, iishe kabisa, asidi ikikutana nayo inatoa haidrojeni salfaidi, inaua, na ikiwa nyingi pua inaacha kuinusa, kwahiyo vaa kidetekta cha gesi, usitegemee harufu ya mayai viza.