Usiweke hiyo sumu kabla hujajua nani anawala panya wa shambani kwako

Mkuu, wewe wa Usa River, acha kwanza. Umeandika kwamba panya wamefukua mbegu za mahindi ekari mbili kabla hazijaota, na kesho asubuhi unashuka Arusha mjini kununua sumu, uichanganye na pumba na dagaa, uitawanye shamba zima mpaka ghalani. Unauliza ipi ni kali zaidi, ekari moja inataka kiasi gani, halafu unaulizia mifuko ya kinga njaa, ile ya kuhifadhia nafaka, na mbegu ya kurudishia. Mimi nitakujibu la sumu. Usiende.

Nilifanya hilohilo Machi 2020, kwenye shamba letu la Kahe, huku Moshi chini. Vuli ya 2019 mvua ilipita kiasi, kila mtu wa kaskazini anaikumbuka. Nyasi zikajaa mipakani, panya wakapata mbegu za nyasi na pa kujificha, wakazaana. Masika nikapanda. Siku ya nne naingia shambani nakuta vishimo, kimoja baada ya kingine, mstari mzima, kana kwamba mtu alipita usiku na kijiti akifuata kamba yangu ya kupandia. Hasira ilinipanda kama ilivyokupanda wewe, na siku hiyohiyo nikawa dukani.

Muuzaji wa pembejeo akachota punje za rangi ya waridi kwenye ndoo kubwa, akanipimia kwenye mfuko wa nailoni. Hakuna lebo, hakuna jina la sumu, hakuna karatasi ya maelezo. Nikamuuliza: nina mbwa, nina paka, nina kuku, itakuwaje? Akanijibu bila hata kuinua macho: "Hii panya akiila haozi, anakauka tu. Haina shida kwa mnyama mwingine." Mpaka leo nikikumbuka jibu hilo moyo unanichemka. Mtu anauza sumu kila siku, watoto wetu wanacheza kwenye hayo mashamba, na hajui kilichomo ndani ya ndoo yake. Au anajua na anaficha, ambalo ni baya zaidi. Na wako wengi. Huyo utakayemkuta kesho atakuambia maneno hayohayo.

Sasa sikiliza jinsi sumu ile inavyofanya kazi, maana hapo ndipo nilipoumizwa. Nyingi ya sumu hizi za punje huzuia damu kuganda. Panya haanguki palepale. Anakula leo, kesho anarudi kula tena, kesho kutwa tena, na anakufa baada ya siku tatu hadi wiki kwa kuvuja damu ndani kwa ndani. Siku zote hizo anatembea akiwa na sumu nyingi kuliko ya kumuua yeye. Tena anaishiwa nguvu, anatoka mchana kweupe, anajikokota katikati ya shamba bila kukimbia. Kwa bundi, mwewe, paka au nguchiro, hicho ni chakula cha bure. Sumu inabaki kwenye ini, na zile kali zinakaa humo miezi. Anayekula panya mmoja leo na mwingine kesho anazidi kujilundikia.

Mpakani mwa shamba letu kuna mkuyu mkubwa wenye tundu. Ndani yake waliishi bundi wawili, wale wenye uso mweupe wa duara, ambao hawalii kwa kuguna, wanakwaruza kama msumari kwenye bati. Nilikuwa nawasikia tangu mdogo. Siku ya tisa baada ya kumwaga sumu, mwanangu akaja mbio kuniita. Mmoja alikuwa chini ya mkuyu, mabawa yametandazwa kwenye majani makavu, tone la damu kwenye pua ya mdomo. Mwepesi mno mkononi, kama kikapu kitupu. Wa pili hatukumwona tena, ila sauti ya bati ilikoma tangu wiki ile.

Paka akafuata. Mbwa nilimwahi: ufizi ulikuwa mweupe kama karatasi, na daktari wa mifugo akamchoma vitamini K, kisha vidonge kwa wiki kadhaa. Daktari huyo ndiye aliyenifafanulia yote niliyokuandikia hapo juu.

Mzee mmoja jirani alifurahi kusikia bundi wamekufa. Kwamba ni ndege wa mkosi, akilia juu ya paa kuna msiba. Namheshimu kwa umri wake, lakini hapa nampinga waziwazi. Bundi yule alikuwa mlinzi wa shamba langu na la kwake, usiku kucha, bila mshahara. Ana watoto tunduni, kazi inaongezeka maradufu.

Chini ya mkuyu kulikuwa na vidonge vyeusi vya manyoya, ukubwa wa kidole gumba. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika manyoya na mifupa. Nilikipasua kimoja kwa kijiti: mafuvu matatu ya panya, meno ya mbele ya manjano bado yamekaa sawasawa. Kidonge kimoja! Na pale chini vilijaa, miaka yote nilikuwa navikanyaga nikidhani ni kinyesi cha mnyama.

Msimu huo panya walipungua kweli, sikudanganyi. Wiki tatu hivi niliamini nimeshinda. Mwaka uliofuata wakarudi, na walikuwa wengi kuliko nilioanza nao. Hesabu yake ni hii. Panya shamba jike, yule mwenye chuchu nyingi ambazo zinaweza kufika 24, anazaa kumi na zaidi kwa mkupuo mmoja, mimba ni wiki tatu na ushee, na watoto wake wa kike wakifika miezi mitatu hivi nao wanaanza. Wachache waliosalia kwangu, pamoja na waliohamia kutoka mashamba ya jirani, walijaza nafasi haraka. Bundi anataga mayai machache, anaatamia mwezi mzima, makinda yanakaa tunduni miezi miwili. Hawezi kurudi kwa kasi hiyo. Kwa hiyo unaua wote wawili, halafu anayerudi ni mmoja tu, tena ndiye adui yako, na safari hii hakuna wa kumla.

Ukitaka kuona jambo hili kwa ukubwa wake, tazama India. Miaka ya 1990 tai walikufa kwa mamilioni kwa kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa diklofenaki, dawa ya maumivu. Mizoga ikabaki, mbwa koko wakaongezeka. Serikali ilipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006, na hadi leo tai wale hawajarudi kama walivyokuwa.

Na usikimbilie kununua iliyo kali zaidi. Warfarini ilipoanza kutumika kuua panya mwaka 1948 dunia ilishangilia. Ilipofika 1958, kule Scotland walikuwepo panya wanaoila na kuendelea na maisha. Zikatengenezwa kali zaidi, na ndizo hizo zinazokaa muda mrefu kwenye ini la bundi.

Kwa hiyo kabla ya kuua panya mmoja, jua nani anamla. Mimi siku hizi nafyeka mipaka mwezi mmoja kabla ya mvua, tunapanda wiki ileile na majirani ili panya wasipate shamba moja la kuvamia, na zile wiki mbili za mwanzo, ambazo ndizo za hatari, natega ndoo zenye maji nusu, kopo lililopakwa siagi ya karanga likizunguka juu yake kwenye waya. Asubuhi nahesabu. Nimesimamisha pia nguzo sita ndefu zenye kijiti cha kukalia, na tundu la mkuyu hakuna anayeligusa.

Bundi bado hawajarudi mkuyuni. Miaka inakwenda. Ila mwezi uliopita, chini ya nguzo ya tatu, niliokota kidonge kimoja kibichi cha manyoya.

Wewe umesema una mti mkubwa nyuma ya ghala. Leo jioni, kabla hujafikiria nauli ya kwenda mjini, chukua tochi ukamulike chini yake. Ukikuta vidonge vya namna hiyo, piga picha uweke hapa.