Jibu: X nyekundu juu ya leni
Ndugu, umeuliza kama taa ya X nyekundu inayoning'inia juu ya leni (njia moja ya magari barabarani) inakutaka usimame palepale. Hapana. Inamaanisha leni hiyo imefungwa kwako, hivyo washa indiketa, tazama vioo, uhamie leni nyingine pakiwa na nafasi. Usiendelee nayo eti kwa sababu iko tupu! Huenda mbele kuna ajali, mafundi, au magari yanayokuja uso kwa uso nawe, maana baadhi ya leni hugeuzwa mwelekeo asubuhi na jioni. Mshale wa kijani unaoelekea chini, pita tu. Mshale wa njano wa mshazari, au X ya njano kwa Marekani: anza kuhama mapema, leni inakaribia kufungwa.