Ukianza kusoma historia ya Walao, ramani iweke kando kwanza

Mimi nilianza na ramani, nikapoteza karibu muhula mzima. Niliupiga Mto Mekong mstari mwekundu: huku Laos, kule Thailand. Mwalimu akauangalia mstari wangu, akauliza Walao wengi wanaishi wapi. Nikajibu Laos, tena kwa kujiamini. Kumbe wengi wako ng'ambo, kwenye nyanda za Isan, kaskazini-mashariki mwa Thailand.

Fa Ngum aliposimamisha ufalme wa Lan Xang, yaani "tembo milioni", mwaka 1353, akisaidiwa na jeshi kutoka Angkor, makao ya ufalme wa Wakhmer, mto ulikuwa njia. Watu wake walilima kingo zote mbili. Na hapa ndipo wageni wa somo hili hujikwaa: zamani zile ardhi ilikuwa tele, mikono ndiyo michache. Mshindi wa vita hakung'ang'ania mipaka, alihamisha watu. Anouvong, mfalme wa Walao wa Vientiane, alipoasi dhidi ya Siam (Thailand ya leo) mwaka 1826 akashindwa, mji wake ulibomolewa na wakazi wakavushwa ng'ambo kwa maelfu. Wapelelezi Wafaransa waliopita mwaka 1867 walikuta magofu yamemezwa na msitu. Ule mstari wangu mwekundu ulikuja baadaye, mwaka 1893, Siam ilipoiachia Ufaransa ukingo wa mashariki.

Kwa hiyo ukisoma kwamba mji fulani "ulikuwa chini ya" Siam, uliza ulikuwa unampelekea nani mwingine zawadi za utii. Xieng Khouang, kwa mfano, ilikuwa na mabwana wa pande mbili, Siam na Vietnam, na haikuona ajabu.

Daftarini tenga ukurasa wa majina. Lan Xang, Lane Xang na Lan Chang ni ufalme mmoja. Viang Chan ndiyo Vientiane. Nimewahi kuzihesabu kama falme mbili, usinicheke. Ukurasa mwingine uwe wa miaka. Tarekhe za zamani hufuata kalenda ya Chulasakarat: ongeza 638. Ukikuta 1188, huo ni 1826, ule mwaka wa Anouvong. Miaka ya Kibudha ipunguze 543. Mwaka wao wa jadi huanza Aprili, basi matukio ya Januari hadi Machi yaangalie mara mbili.

Halafu usisome upande mmoja. Mjini Nakhon Ratchasima, Thailand, kuna sanamu ya mwanamke, Thao Suranari, anayeheshimiwa kwa kulikabili jeshi la Anouvong. Vientiane nako, kando ya mto, Anouvong mwenyewe amesimama, mkono ameunyoosha kuelekea ng'ambo. Ya kwanza ilisimamishwa mwaka 1934, ya pili 2010. Kabla hujaniuliza nani alikuwa shujaa, nieleze kwanza kwa nini miaka hiyo.