Wasikilizaji mia tatu wanatosha kuanza kulipwa: niliyojifunza katika podikasti ya mafundi cherehani

Huu ni mwaka wa nne tangu nianze podikasti ya ushonaji hapa Mombasa, na mpaka leo kila kipindi husikilizwa na watu baina ya 300 na 350, wengi wao mafundi cherehani wa Pwani. Kila wiki napokea ujumbe kutoka kwa vijana wenye vipindi vizuri wanaoniuliza wafikishe wasikilizaji wangapi ndipo waanze kulipwa, nami ninawaandikia makala haya kwa sababu swali hilohilo lilinipotezea mwaka mzima.

Tuanze na hesabu. Matangazo ya podikasti kwa kawaida huuzwa kwa bei ya kila mara elfu moja ambazo kipindi kimepakuliwa, kwa hiyo hata akitokea mtu wa kukulipa dola 20 kwa elfu, wasikilizaji 340 watakuletea chini ya dola 7 kwa kipindi, fedha ambazo zinaweza kuishia kwenye bando na nauli. YouTube nayo, ili igawane nawe mapato ya matangazo ya video za kawaida, hutaka uwe na wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Sisemi njia hizo ni mbaya. Zimewekewa watu wenye umati, na mwenye wasikilizaji wachache akizishika kama ndizo njia pekee atachoka kabla hajaonja shilingi.

Kilichonifumbua macho ni mazungumzo na mzee mmoja mwenye duka la vitambaa Barabara ya Biashara. Nilikwenda kwake na karatasi yenye idadi ya wasikilizaji, nikaisoma kwa sauti ya kujitetea, kwa kuwa nilijua ni ndogo. Hakuitazama. Aliniuliza, “Mwanangu, hao mafundi wako uzi wananunua wapi?” Nikamwambia, “Sijui, baba, sijawahi kuwauliza.” Akaniambia nikawaulize kwanza, kisha nirudi.

Nilizunguka Majengo, Kongowea na Likoni kwa wiki mbili. Katika baraza moja huko Majengo nilimkuta fundi ameisimamisha simu yake ndani ya kopo tupu la maziwa ili sauti iongezeke nguvu, nami nikajisikia nikieleza namna ya kuweka bitana kwenye koti huku yeye akikanyaga cherehani, macho kwenye sindano. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ninachokiuza. Fundi ana mikono na macho yaliyoshughulika siku nzima, lakini masikio yake yako wazi, na anayezungumza naye wakati huo anazungumza na mtu ambaye jioni hiyohiyo atanunua zipu, uzi, vifungo na sindano. Hakuna redio inayoweza kumwahidi mwenye duka wasikilizaji 340 ambao karibu wote ni wanunuzi wa bidhaa zake.

Niliporudi kwa yule mzee sikumtajia idadi. Nilimpa orodha ya vitu ambavyo mafundi walisema hawavipati kwa urahisi, nikamwomba tujaribu mwezi mmoja bila malipo: fundi atakayetaja neno tulilolitangaza kwenye kipindi atapewa zipu moja ya ziada kwa kila dazeni. Walikuja watu 19. Mwezi wa pili alinilipa shilingi 4,000, na sasa ananilipa 6,000 kila mwezi kwa tangazo la dakika moja ninalolisoma mwenyewe. Ushauri wangu mkubwa uko hapo: kabla ya kumfuata mdhamini, jua wasikilizaji wako wanatumia fedha zao wapi, kisha umwendee mtu anayezipokea. Mdhamini wa aina hiyo mara nyingi yuko mtaani kwako, hana idara ya matangazo, na anaweza kuhesabu mwenyewe wateja uliompelekea.

Michango ya wasikilizaji nayo inawezekana, ila namna ya kuomba ina uzito mkubwa kuliko nilivyodhani. Mara ya kwanza nilisema tu, “Tuchangieni,” nikapata watu wawili. Baada ya miezi kadhaa kinasa sauti changu kiliharibika, nikaeleza kwenye kipindi kwamba matengenezo ni shilingi 6,500, nikataja namba ya Lipa na M-Pesa taratibu, mara mbili, na kuahidi kutangaza kila jioni kwenye kundi letu la WhatsApp kiasi kilichofika. Fedha zilitimia siku ya tisa kutoka kwa watu 43, wengi wakituma kati ya shilingi 50 na 200. Mtu hutoa kwa moyo akijua fedha yake inakwenda kufanya nini na itakoma lini. Ndiyo maana siombi kila wiki.

Bidhaa ndogo ninazouza ni karatasi za mikato ya nguo, shilingi 150 kila moja. Nilianza kuziuza baada ya kipindi cha kukata kola ya kanzu kuletewa maswali mengi kuliko kipindi kingine chochote, na tangu hapo sitengenezi karatasi mpya mpaka nione swali moja limeulizwa na watu wasiopungua kumi.

Sehemu kubwa ya mapato yangu, hata hivyo, inatokana na kuwarekodia na kuwahariria wengine. Chama kimoja cha akiba na mikopo kilisikia vipindi vyangu kupitia mwanachama wake fundi, kikaniomba nikiandalie maelezo ya sauti kwa wanachama wasiopenda kusoma, nami hulipwa shilingi 3,500 kwa kila kipindi, vinne kwa mwezi. Wapo wanaosema hayo si mapato ya podikasti. Siafikiani nao, kwa sababu podikasti ndiyo iliyonifundisha kazi na ndiyo iliyonitangaza. Ukiwa na sikio zuri la kuhariri, liwekee bei mapema.

Kuhusu makubaliano, andika kila kitu. Kampuni moja iliniahidi malipo baada ya vipindi vinne, nikavitoa vyote, kisha simu zangu zikaacha kupokelewa, na kwa kuwa tulikubaliana kwa maneno matupu sikuwa na la kuonyesha. Tangu siku hiyo hupokea nusu ya malipo kabla ya tangazo la kwanza. Vilevile, kwa walioko Kenya, kumbukeni kwamba Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilileta kodi ya zuio, yaani ile ambayo anayekulipa huikata kabla ya kukukabidhi fedha, ya asilimia 5 kwa malipo ya maudhui ya kidijitali kwa wakaazi. Kampuni ikikukata, dai cheti cha makato hayo na ukihifadhi.

Lipo pia la kukataa. Mwaka jana kampuni ya kamari ilinipa ofa ya shilingi 15,000 kwa mwezi, zaidi ya mara mbili ya anachonilipa mzee wa Biashara. Nilikaa nayo siku tatu, nikiwaza kodi ya nyumba. Nilichoshindwa kukivuka ni picha ya yule fundi wa Majengo na simu yake ndani ya kopo, ambaye fedha ya siku huipata pindo kwa pindo, nami niwe sauti inayomwambia aiweke kwenye mchezo. Niliikataa, na ningeikataa tena.

Wiki iliyopita fundi wa kutengeneza mashine za cherehani alinipigia akasema hana fedha taslimu ya tangazo, lakini yuko tayari kuwafanyia wasikilizaji wangu watano ukaguzi wa bure kila mwezi, na kuitengeneza mashine yangu ya ovaloki ambayo imelala tangu Ramadhani. Tumeandikiana ukurasa mmoja, tumeweka sahihi, na tangazo lake la kwanza litasikika kwenye kipindi cha Jumamosi.